Siku Tatu Juu ya Tuta

Baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi ya Phoenix, yenye keria ya nondo aliyotengenezewa na fundi wa Peramiho. Kila baada ya mavuno alifunga gunia la mahindi kwenye ile keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, akaondoka alfajiri kwenda soko la Songea, kilomita zipatazo 24. Akirudi jioni hatukumuuliza kwanza ameuza shilingi ngapi. Mama alimuuliza njia ilikuwaje, naye alijibu kwa neno moja: vumbi, tope, au upepo. Sijawahi kumwona akipanda baiskeli ile bila kuwa na mahali pa kufika na kitu cha kufikisha.

Ndiyo maana nilipokuja Wageningen, Uholanzi, kusomea usimamizi wa maji, walionishangaza zaidi ni wazee. Hali ya hewa ikitulia kidogo hutoka wawili wawili, mume na mke, mvi kichwani, wakapanda baiskeli zisizo na mzigo na kufuata mto mchana kutwa. Hawaendi sokoni, hawaendi msibani. Wanasimama kwenye benchi, wanafungua chupa ya chai, wanatazama maji, kisha wanaendelea. Nilimaliza mwaka mzima nikiwaona hivyo kabla sijapata hamu ya kufanya kama wao.

Aliyenisukuma ni Dada, mwenzangu wa bweni, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, anayesomea shahada ya uzamivu. "Mdogo wangu," aliniambia, "maji ya Waholanzi umeyasoma kwenye makaratasi mwaka mzima. Twende tukayaone." Tukapanga siku tatu: Wageningen hadi Wijk bij Duurstede, kisha Culemborg na kijito cha Linge, kisha Gorinchem na kasri la Loevestein. Jumla haifiki kilomita mia moja. Mwendesha baiskeli wa mashindano angeimaliza asubuhi moja, lakini sisi tulitaka kusimama kila mahali penye jambo.

Tuliondoka tarehe 6 Mei. Mji ulikuwa bado umejaa bendera, maana tarehe 5 Mei ndiyo siku ya ukombozi wa Uholanzi, na Wageningen ina sehemu yake ya pekee katika siku hiyo: mwaka 1945, ndani ya Hotel de Wereld, makamanda wa Ujerumani na wa Kanada walikaa meza moja kujadili jinsi majeshi ya Kijerumani yatakavyojisalimisha. Tulipita mbele ya hoteli hiyo, wafagiaji wakikusanya vikombe vya sherehe ya jana, tukateremka hadi mtoni na kupanda tuta.

Nieleze tuta, kwa sababu safari yote ilikuwa juu yake. Ni ukuta wa udongo wenye kimo cha nyumba, umevikwa nyasi, na juu yake pana njia nyembamba ya lami. Upande mmoja upo mto na ardhi tambarare iliyoachwa makusudi ili mto ukijaa upate pa kutanda. Wakati wa kiangazi ng'ombe hulisha hapo. Upande wa pili, chini, mara nyingi chini kabisa ya kiwango cha mto uliofurika, zipo nyumba, bustani, shule na makaburi. Ukiwa juu ya baiskeli unaona pande zote mbili kwa pamoja, na huwezi kusahau hata dakika moja kwamba wale wa chini wanaishi kwa hisani ya udongo ulio chini ya magurudumu yako. Kondoo wanaolisha kwenye mteremko hawapo kwa ajili ya mapambo. Wanakula nyasi zikabaki fupi na zenye mizizi minene, na kwato zao zinashindilia udongo.

Njia ni rahisi kufuata kuliko nilivyodhani. Kila njia panda ya baiskeli ina namba kwenye kibao, na kibao kinakuonyesha namba zinazofuata. Unaandika namba zako kwenye karatasi, unaibandika kwenye usukani, unakwenda. Utaratibu huu ulianzia Limburg ya Ubelgiji miaka ya 1990, kwa wazo la Hugo Bollen, mhandisi wa migodi. Mtu aliyezoea mahandaki ya chini ya ardhi ndiye aliyewarahisishia njia watu wanaotembea juani, na kila nilipofika kwenye kibao nilimshukuru.

Kosa letu lilikuwa upepo. Nchi hii ni tambarare, kwa hiyo nilidhani hakutakuwa na kazi. Lakini upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi, nasi tulikuwa tunaelekea magharibi. Kwenye tuta hakuna mti wala ukuta wa kukukinga. Ndani ya kilomita tano za mwanzo nilikuwa nimeinamia usukani kama mtu anayepanda mlima wa Matogoro.

Kabla ya Rhenen kuna kilima cha Grebbeberg, na hapo tulisukuma. Mwaka 1940, kuanzia tarehe 11 hadi 13 Mei, askari wa Kiholanzi walipigana hapa kuwazuia Wajerumani, na makaburi yao yamepangwa chini ya miti, safi, kila jiwe na jina lake. Hatukuongea sana pale. Tukaendelea chini ya mnara mrefu wa kanisa la Cunera, tukala mkate wetu Elst, na karibu na Amerongen nikaona kitu kilichonisimamisha: mabanda marefu ya mbao nyeusi, yenye mianya ya kupitisha hewa. Nilijua kazi yake kabla sijasoma kibao. Ni mabanda ya kukaushia tumbaku. Wakulima wa hapa walilima tumbaku kwa karne kadhaa. Mjomba wangu wa Namtumbo anayo mabanda ya kazi hiyohiyo mpaka leo, na harufu ya mbao zile ilinirudisha kwake.

Kisha Amerongen yenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Kasri la Amerongen ni jumba kubwa la matofali lililozungukwa na maji, karibu na mto. Wafaransa walilichoma mwaka 1673, na mwenye nyumba, bibi mmoja hodari aitwaye Margaretha Turnor, akasimamia kulijenga upya huku mumewe akiwa mbali kwa kazi za ubalozi. Barua zao zimehifadhiwa. Lakini mimi sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa sababu mnamo Novemba 1918 mgeni mmoja alifika katika jumba hili akiomba hifadhi, na mgeni huyo alikuwa Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani, mtu ambaye kwa jina lake babu zangu walitozwa kodi, wakalimishwa kwa nguvu na kunyongwa.

Ukizaliwa Songea, jina lenyewe la mji ni la mtu aliyeuawa na utawala wake. Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji, na kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka yeye na wenzake. Baada ya kunyonga, Wajerumani walichoma maghala na mashamba, ikafuata njaa. Makadirio ya waliokufa katika vita na njaa ile yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Kisha ikaja vita kuu. Bibi mzaa baba alisimulia aliyosimuliwa na mama yake: jinsi jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilivyovuka Ruvuma kurudi kwetu mwaka 1918, likapita likichukua chakula na wanaume wa kubeba mizigo, na jinsi wanawake walivyoficha mtama.

Ndani ya kasri tulionyeshwa meza. Tarehe 28 Novemba 1918, hapa Amerongen, Kaiser alitia sahihi hati ya kuachia kiti chake. Nikahesabu kwa vidole. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Siku tatu tu. Wapagazi wetu walikuwa ndio kwanza wanatua mizigo kule kusini mwa Ziwa Tanganyika, na mwenye vita yake yuko hapa, ndani ya jumba lenye mazulia, anasaini karatasi. Alikaa Amerongen hadi 1920, kisha akahamia nyumba aliyoinunua Doorn, si mbali na hapo. Alipenda sana kukata miti na kuchanja kuni. Mataifa yaliyoshinda yalitaka akabidhiwe ashtakiwe, Uholanzi ilikataa. Alikufa Doorn mwaka 1941, mzee, kitandani kwake.

Mwongozaji wetu alieleza vizuri sana habari za saa za ukutani, vitambaa na vyombo vya kaure. Afrika Mashariki haikutajwa, na sikumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Kulikuwa na kitabu cha wageni. Niliandika jina langu, na mahali pa anwani nikaandika kwa herufi kubwa: SONGEA. Dada alisubiri nimalize, akachukua kalamu, akaandika MOMBASA chini yake.

Tulilala Wijk bij Duurstede, mji mdogo wenye kinu cha upepo kilichojengwa juu ya lango la zamani la mji, hivyo unapita chini ya kinu kana kwamba unapita uvunguni. Kati ya karne ya 7 na ya 9 hapa ilikuwepo Dorestad, bandari kubwa kupita nyingi za kaskazini mwa Ulaya, iliyouza mvinyo, mawe ya kusagia na nguo, ikavamiwa na Waviking mara kadhaa, na mwishowe ikaachwa. Leo juu yake kuna nyumba za kawaida zenye vibustani. Dada alisimama kimya muda mrefu. "Kilwa ilipoanza kupata sifa," akasema, "hawa walikuwa washazikwa."

Na mto wenyewe hapa unabadili jina. Unaingia mjini ukiitwa Rhine ya Chini, unatoka ukiitwa Lek. Zamani maji mengi yalifuata mkondo mwingine, Rhine Iliyopinda, uliokuwa mpaka wa dola ya Warumi. Mwaka 1122 watu wakaziba mdomo wa mkondo ule kwa bwawa, maji yakalazimika kushika njia ya Lek. Kijito kilichobaki kinapita katikati ya nyasi, chembamba, na bata wanakivuka bila haraka.

Asubuhi tulivuka kwenda Beusichem. Mimi nikasema tunasubiri pantoni, Dada akasema tunasubiri feri, na tukabishana kidogo kama wanavyobishana watu wa Kigamboni na wa Likoni. Kilichokuja ni chombo kidogo, magari machache na baiskeli, nauli ndogo, dakika chache umefika. Nilipenda vivuko hivi kuliko kitu chochote katika safari. Vinakulazimisha kusimama.

Upande wa pili tuta la Lek linakwenda kwa mikunjo, na kila mkunjo una sababu. Pale ambapo tuta limezunguka kidimbwi cha mviringo chenye kina kirefu, jua kwamba zamani lilipasuka. Maji yalichimba shimo refu mno kujazwa, watu wakajenga tuta jipya kulizunguka. Ukishajua hilo, unaendesha ukihesabu misiba. Kulitunza tuta ilikuwa kazi ya kugawana: kila mwenye shamba na kipande chake, wakaguzi wakipita na faini mkononi. Kwa sheria ya zamani, aliyeshindwa kutunza kipande chake alichomeka koleo lake tutani akaondoka, na yeyote aliyeling'oa koleo alirithi shamba pamoja na mzigo wa tuta. Mabaraza ya maji yaliyosimamia kazi hiyo ni ya zamani kuliko ufalme wenyewe; lile la tuta la Lek upande wa kaskazini lilianza mwaka 1323. Hadi leo wananchi hupiga kura kuyachagua.

Culemborg tulipita kwa chakula cha mchana. Ni mji mzuri wenye soko refu, na ni mahali alipozaliwa Jan van Riebeeck mwaka 1619, yule aliyetia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 na kuanzisha makazi ya Waholanzi huko. Tulikula supu tukaondoka.

Kutoka hapo tuliacha mto mkubwa, tukashika Linge. Hapa upepo ulipungua kwa sababu ya miti. Linge ni mto mdogo unaojikunjakunja kati ya bustani za matufaha na mapeasi, na ingawa msimu wa maua ulikuwa unaishia, petali bado zilikuwa zimetanda njiani kama pumba baada ya kupepeta. Acquoy kuna mnara wa kanisa ulioinama, umeinama hivyo kwa karne nyingi. Jirani na hapo tulilala kwa mama mmoja mzee anayekodisha chumba.

Huyu mama alitutilia kahawa, akatuuliza tunasoma nini, na nilipotaja maji alinyanyuka akaleta albamu. Mwishoni mwa Januari 1995 mito ilijaa kiasi kwamba wakuu hawakuamini tena matuta. Watu wapatao 250,000 wa nchi ya mito waliamriwa kuondoka, pamoja na mifugo yao. Picha zake zilionyesha malori ya ng'ombe yamepangana barabarani usiku. Alibeba nini? nikamuuliza. Watoto, albamu hii, na mashine ya kushonea. Matuta yalistahimili, wakarudi baada ya siku chache. Lakini nchi ilibadili mawazo: badala ya kuinua matuta tu, ikaanza kuurudishia mto nafasi, kusogeza matuta nyuma na kuhamisha baadhi ya mashamba, katika zaidi ya sehemu 30. Mama akafunga albamu akasema ndugu wa marehemu mumewe alihamishwa shamba kwa mpango huo, akalipwa, na bado ana uchungu. Katika masomo yangu mpango huo husifiwa kwa grafu. Nilifurahi kuusikia pia mezani kwake.

Siku ya tatu, karibu na Asperen, tulifika kwenye ngome ya mviringo kando ya Linge, na milango ya maji iliyo karibu nayo. Ni sehemu ya Mstari wa Maji, ambao tangu 2021 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Kwa ufupi: adui akija, unafungua milango, unaachia maji mashambani hadi kina cha magoti hivi. Haba mno kwa mashua, mengi mno kwa askari, farasi na mizinga, na mitaro iliyo chini haionekani. Mwaka 1672 maji hayo yalilizuia jeshi la mfalme Louis XIV kufika Amsterdam, na hofu kubwa ikabaki barafu, maana maji yakiganda adui anatembea juu yake. Mstari mpya ulijengwa kuanzia 1815. Mwaka 1940 ndege zikauruka.

Nilikaa kwenye nyasi za ngome ile kuliko ilivyopangwa. Mimi natoka mahali ambapo neno maji limebeba vita. Shuleni tulifundishwa habari za Kinjeketile na maji yake yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na wengi wetu tulitoka darasani tukiwaonea babu zetu aibu. Pale Asperen aibu hiyo ilinitoka. Hata maji ya Waholanzi hayakuwa na nguvu mpaka watu wakubaliane: mwaka 1672 wako wakulima waliosimama na silaha kuzuia mashamba yao yasizamishwe, na mstari ule ulishika kwa sababu wengi hatimaye walikubali kupoteza mazao yao kwa ajili ya watu wa miji ambayo hawakuishi. Na maji ya Ngarambe, kwao Kinjeketile, kabla hayajafikishwa mbele ya bunduki, yalikuwa yamekwisha kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kuwaweka Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine katika kiapo kimoja. Nilimweleza Dada. Akasikiliza, akanipa nusu ya chungwa lake.

Gorinchem tulipanda chombo kwenda Loevestein, penye makutano ya Waal na tawi la Maas. Kasri ni la karne ya 14, zito, limekaa ndani ya ngome ya udongo, na liligeuzwa gereza. Hugo de Groot, mwanasheria, alifungwa hapa mwaka 1619 kifungo cha maisha. Mkewe, Maria van Reigersberch, alikaa naye. Vitabu vya kusoma vililetwa na kurudishwa kwa sanduku kubwa, na walinzi wakachoka kulikagua. Tarehe 22 Machi 1621 Maria alimfungia mumewe sandukuni, na mjakazi kijana, Elsje van Houwening, akalisindikiza sanduku mtoni hadi Gorinchem bila uso wake kubadilika. Kutoka hapo Hugo aliondoka na nguo za fundi mwashi. Mimi ninayemheshimu zaidi katika kisa hiki ni Elsje. Akigunduliwa, asingekuwa na jina kubwa la kumkinga.

Dada alikuwa na neno lake. Mwaka 1609 huyu Hugo alikuwa amechapisha hoja kwamba bahari ni ya wote, na kwamba Wareno hawana haki ya kufunga njia ya Bahari ya Hindi. "Watu wa kwetu walilazimishwa kununua cheti cha Mreno ili wasafiri kwenye bahari yao wenyewe," alisema. "Hoja ya huyu bwana ingetufaa. Lakini aliiandikia kampuni." Kweli, aliiandika kuitetea kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Mashariki. Na mwaka uleule wa sanduku, 1621, kampuni hiyohiyo iliviteka visiwa vya Banda ili imiliki kungumanga peke yake, ikawaua au kuwaondoa karibu watu wote waliokuwepo. Tulikuwa tumesimama dirishani. Chini yetu mito miwili ilikutana, mmoja wa kijivu, mwingine wa kahawia kidogo, na kwa umbali mrefu ilikwenda sambamba kabla ya kuchanganyika.

Chombo cha jioni kilikuja. Tulisukuma baiskeli zetu ndani, tukazifunga, tukakaa upande usio na upepo. Mtandao ulirudi, nikamtumia baba picha: tuta, mabanda ya tumbaku, meza ya Kaiser, kitabu cha wageni chenye jina la mji wetu, sanduku. Baba si mtu wa kuandika. Alituma sauti. Mwanzoni zilisikika kuku na redio, kisha akakohoa, akauliza:

"Na upepo? Ulikuwa wa mbele au wa nyuma?"

"Wa mbele, baba," nikamjibu. "Siku zote tatu."